Magadi Jikoni

Kila nyumba iliyo jirani na kiwanda cha karatasi ililazimika kuchoma maji meusi yanayobaki miti ikishapikwa, ili magadi yake yarudishwe kiwandani. Jiko la Atuganile halikuruhusiwa kuzimwa hata usiku.

Siku hiyo alitoka uani akamkuta jikoni mama mkwe wake, aliyefika asubuhi kumwona mjukuu, ameinua ndoo ya maji auzime moto.

"Mama, usimwage! Ndani ya jiko mna magadi yaliyoyeyuka. Yakiguswa na maji, nyumba inalipuka!"

Atuganile akamsogelea bibi polepole, akaipokea ndoo, akaitoa nje.

"Na mtoto analala humu?" bibi akauliza.

Kabla hajajibu, mvua ikaanza kupiga bati. Wote wawili wakainua macho, wakitafuta tundu.