Maoni ya Papa Cassien Kuhusu Filamu

"Giza tupu," alisema Papa Cassien akitoka kwenye ukumbi wa video wa Kamembe, huku akipepesa macho juani. "Bantu banapigana karate usiku, ndani ya pori, na nguo nyeusi. Bale benye kutengeneza ile filme balikosa hata taa moja?"

Vijana waliotoka nyuma yake walikuwa bado wanarusha mateke hewani. Maoni ya Papa Cassien yalijulikana mpaka vijiji vya Gitambi, na hayakuwahi kuwa mazuri.

Alikuwa fundi cherehani, amekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, na kurudi Rwanda baada ya vita. Asubuhi alishona kwenye baraza ya duka. Mchana aliifunika cherehani yake na kuingia kwa Harelimana, mwenye ukumbi, akaketi mahali pale pale: mbele kabisa, juu ya kreti la bia, ubavuni mwa televisheni. Vijana walisema pale ni mahali pa mtu anayeichukia shingo yake.

Véronique, mama wa Bukavu aliyeuza karanga mlangoni, ndiye pekee aliyependa kumwuliza. Majibu yake yalimpunguzia uchovu.

"Na ile ya jana ya mashetani, Papa Cassien?"

"Upuuzi. Bamama bote balijifunika bitenge mpaka ku kichwa. Balilipa ili baangalie kitenge yabo. Si bangeiangalia ku nyumba, bure?"

"Na ya vita?"

"Vita tuliisha kuiona, na hatukulipa. Bantu bote balikaa na sura ya picha ya kitambulisho."

"Basi ya kuchekesha ilikufurahisha."

"Ile ndiyo mbaya kupita zote. Muntu anacheka, anafunika kinywa, analalia bega ya jirani. Kicheko gani ile? Filme ya maana inakuachia tabasamu, pole pole, na uso juu."

Véronique alicheka mpaka karanga zikamwagika. Cassien naye akatabasamu kidogo, jambo adimu kama barabara ya lami.

"Kumbe uko na kishimo ku shavu," Véronique alisema. "Tena upande moja tu."

"Ni ya ukoo. Hata mutoto wangu Nishimwe alikuwa nayo, huu huu upande wa kushoto."

Tabasamu likaondoka. Véronique alijua yaliyobaki, kama soko zima lilivyojua. Vita vilipofika Bukavu, baba na binti walipotezana katika msongamano wa watu waliokuwa wakikimbia. Msichana alikuwa na miaka tisa. Mama yake alishakufa, na hakukubaki hata picha moja. Sasa, kama yu hai, alikuwa ameshakuwa mkubwa. Véronique alimwongezea karanga.

Filamu moja tu ndiyo iliyowahi kusifiwa na Papa Cassien, nayo ilikuwa ya Kihindi, ya harusi. Harelimana aliionyesha Jumanne moja, siku ambayo watazamaji walikuwa wachache kuliko mabenchi.

"Ile iko na mwangaza," Cassien alisema. "Na wimbo murefu." Kutoka kinywani mwake, hayo yalikuwa mashairi.

Tangu hapo alikuwa na ombi moja: filamu ile irudiwe Jumamosi. Jumamosi wachuuzi wa Bukavu walivuka daraja kwa wingi, wakauza, kisha wakaingia ukumbini kupumzisha miguu kabla mpaka haujafungwa.

"Jumamosi ni siku ya karate," Harelimana alimwambia. "Bateja yangu banakuya kuona mangumi. Na wewe, muntu mwenye anakaa pembeni ya televisheni, ndiye utanifundisha filme? Pale unaona nini?"

"Ninaona ya kutosha."

Akaomba tena kesho yake, na kesho kutwa. Akampindia suruali mbili bila malipo. Mwishowe Harelimana akachoka.

"Sawa. Lakini bantu bakitoka mbele ya filme kuisha, na wewe utoke nabo. Usiingie tena humu, Papa Cassien. Nimechoka kutukaniwa filme zangu mlangoni kwangu."

Cassien aliyatazama mabenchi. Ukumbi wa video ulikuwa huo huo mmoja, na hapakuwa na mahali pengine mjini ambapo wageni wengi hivyo waliketi pamoja na kutulia.

"Nimekubali," akasema.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wachuuzi walikaa mbele, mabeseni matupu mapajani, na vijana nyuma. Jenereta ilinguruma, filamu ikaanza, na vijana wakaanza kupiga miluzi.

"Mangumi iko wapi?"

"Bahindi, pigeni hata mutu moja basi."

Kundi la kwanza likatoka, likafuatwa na la pili. Harelimana, akiwa amesimama mlangoni, alimtazama Cassien na kumwonyesha nje kwa kidevu. Cassien hakujitikisa kwenye kreti lake.

Kisha ukaja wimbo wa harusi. Televisheni ikamwaga mwanga mweupe mpaka misumari ya ukutani ikaonekana. Miluzi ikakoma. Kina mama wakaanza kutabasamu, pole pole, nyuso juu.

Papa Cassien akasimama. Akapiga hatua moja, na kivuli chake kikaangukia mabenchi.

"Papa, kaa chini," wakalalamika waliobaki. "Unatuziba harusi."

Hakuwasikia. Harusi yenyewe hakuwahi kuiona, wala hakujua kama bibi arusi alikuwa mzuri. Siku zote, katika kila filamu, aliketi ameipa televisheni mgongo. Kwenye benchi la tatu, msichana mwenye beseni tupu la samaki wa sambaza alikuwa akimtabasamia bibi arusi, na kishimo kilikuwa kwenye shavu la kushoto tu.