Majina ya Mwishoni

Tunu alimleta baba yake kwenye banda la video ili aone kwa macho yake jina la bintiye. Muziki wa katuni ya Kijapani iliyoonyeshwa siku hiyo aliutunga Tunu mwenyewe, lakini baba yake, mzee Sefu, hakukoma kuwaambia majirani kwamba binti alikwenda ughaibuni kula ujana.

"Vumilia, baba. Majina yanapita mwishoni."

Mtoto wa kwenye katuni alipomzika mama yake, filimbi ikaanza, taratibu. Mtafsiri wa banda, ambaye hupiga domo juu ya kila picha, safari hii alinyamaza. Mzee akavua kofia.

Katuni ikaisha. Majina yalipoanza tu kupanda, mwenye banda akazima, kama anavyozima siku zote, maana watazamaji wengine walishajazana mlangoni.

"Kaka, naomba urudishe kidogo tu."

"Majina ya Wajapani utayafanyia nini, dada? Tokeni, tokeni!"

Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, tena kwa nguvu kuliko wote.

Njiani akawa anaupiga mluzi muziki ule wa mazishi. "Aliyetunga huu ndiye mwanamuziki," akasema. "Siyo wewe na uongo wako."

Akaendelea na mluzi, akafika katikati, akasahau. Akarudia, akakwama palepale.

"Hapa unakwendaje?"

Tunu alibana midomo, akampita. Nyuma yake mluzi ulianza upya, ukakatika palepale.