Kiroba cha Sita

Kiroba cha sita kiligoma kuingia. Mama Mizani akakisukuma kwa mikono, kikagoma; akakisukuma kwa goti, kikagoma. Mwishowe akaketi kwenye zege kama mtoto, akakisindilia kwa miguu yote miwili mpaka kikazama kwenye mdomo wa kalavati, pale mtaro unapoingia chini ya barabara.

Akatazama huku na huku. Kulikuwa ndiyo kwanza kunakucha na kichochoro hakikuwa na mtu. Mtaro wa nyuma ya duka lake ulikuwa na uzi wa maji tu, maana mjini halijadondoka tone mwezi mzima, ingawa kule milimani mawingu yalikuwa meusi tangu wiki iliyopita.

Viroba vyote sita vilijaa mifuko ya plastiki, ile ile ya kutilia sukari na nyanya, ambayo tangu Jumatatu kukutwa nayo ni jela. Jana wamemchukua muuza nyama wa jirani, mtu mzima na kitambi chake, wakampakia garini na aproni yake ya damu. Kuichoma? Moshi una mdomo. Kuitupa? Itupwe wapi, na mtaa mzima una macho? Sheria hizi ni kama homa, Mama Mizani alijiambia, zinapanda na kushuka. Zikishuka, ataitoa.

Na tusimcheke. Jela yenyewe hakuiogopa. Aliogopa jambo moja tu: akienda yeye, nani atamgeuza mama yake kitandani?

Mama yake alilala chumba cha chini, ngazi tatu kutoka dukani, mwaka wa nne huu miguu haimtii. Kidirisha chake kilikuwa usawa wa mtaro. Wengine wangelalamika, yeye alikipenda, kwa sababu ya sauti ya maji.

"Mbona leo siyasikii?" aliuliza alipokuwa akigeuzwa.

"Yamekauka, mama. Huoni jua hili?"

"Yamekauka, na milima inanguruma."

"Ni malori hayo."

"Malori ya siku hizi yanapita mbinguni," mama yake akasema. "Haya, nifungulie redio basi."

"Redio haina jipya. Ni tangazo la halmashauri tu, kutwa kucha." Alikuwa ameizima tangu jana. Habari ya mifuko ilikuwa imemfika kooni.

Saa nane mchana mtu wa halmashauri akaingia dukani. Alivaa sare, na buti za mpira zilizofika magotini, zimejaa tope. Hakutazama rafu wala kufungua droo. Aliitazama saa ya ukutani, kisha akauliza:

"Mtaro unaopita nyuma ni huu wa kwako?"

Mama Mizani akajua siri imetoka. Kumbe ameshachomewa. Nani? Fundi cherehani, si mwingine, yule anayeshona vikapu vya kitambaa na kuisifia sheria asubuhi na jioni.

"Mtaro ni wa halmashauri, mwanangu. Wangu mimi ni duka."

Yule bwana hakucheka. "Redioni mmesikia?"

"Nani hajasikia?"

"Basi nipishe nikautazame."

Njia ya karibu ya kwenda nyuma ilipita chumba cha chini; kwa kichochoro ni kuzunguka mtaa mzima. Mama Mizani akasimama mlangoni, mkono mmoja huku, mwingine kule.

"Humo yumo mama yangu. Hawezi kunyanyuka, na hapa nilipo nilikuwa namwogesha. Utampita mama wa mwenzio akiwa katika hali hiyo?"

Yule bwana akainamisha macho. Alikuwa na adabu zake, maskini. Akaitazama tena saa. "Nina mitaro kumi na mmoja mbele yangu, mama. Niambie kweli. Kuna kitu chochote mle?"

"Hakuna."

"Niapie."

"Haki ya Mungu. Mweupe kama kiganja hiki." Akamwonyesha kiganja, akakiona kimechubuka kwa zege, akakifumba haraka.

Mtu wa halmashauri akaandika daftarini, akatoa karatasi, akamwambia atie sahihi. Akatia, hata miwani hakuvaa. Kwa furaha aliyokuwa nayo angetia sahihi hata hati ya kuuza nyumba. Yule bwana akaibandika mlangoni, nje.

"Kama ni kweli," alisema akiondoka, "mama yako hana la kuogopa."

Maneno hayo yalimkera. Hawa watu, hata mgonjwa wanataka kumtia ndani. Akamtazama akivuka barabara hadi kwa fundi cherehani, kisha akajiachia kwenye kiti, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Amepona. Usiku wa leo mama yake atageuzwa, na kesho, na keshokutwa.

Wateja wakaja, wakaenda na vikapu vyao. Mmoja alisimama mlangoni akasoma, akatikisa kichwa. "Afadhali wa kwenu umepasishwa," akasema, akashika njia.

Umepasishwa nini? Mama Mizani akavaa miwani, akatoka nje.

MTARO HUU UMEKAGULIWA, UKO WAZI. KAMA ILIVYOTANGAZWA, BWAWA LA MILIMANI LIMEJAA. MILANGO YAKE ITAFUNGULIWA LEO SAA TISA KAMILI NA MAJI YATAPITISHWA HAPA.

Chini yake ilikuwepo sahihi yake. Akageuka kuitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na robo.

Kutoka chumba cha chini mama yake akamwita, sauti imejaa furaha.

"Mwanangu, maji yamerudi. Nayasikia yanakuja."