Juu ya Mstari

Wewe ukienda sinema huinui macho. Wachezaji wakilowa mvua unapiga makofi, wala hujiulizi mvua hiyo inamwagwa na nani, na taa inashikwa na nani huko juu. Kasi ndiye aliyekuwa huko juu. Alianguka akafa, filamu ikaendelea, na wewe ukageukia mambo yako.

Maruthu hakugeuka. Jumapili moja alisimama katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi wa filamu, Kodambakkam, mtaa wa studio, akamnyooshea kidole Yogesh.

"Mpiga picha mkuu ni huyu. Anayeamua nini kionekane ni huyu. Mtu wa taa tumemwokota chini hana kamba ya usalama, na kamba yenyewe tumeikuta juu, imekunjwa vizuri. Kasi hakuwa mwehu. Yuko aliyemwambia aivue. Mfuteni uanachama leo, mbele ya mke wa marehemu."

Ponni, mjane wa Kasi, alikaa mbele kabisa, mikono mapajani. Yeye alitaka jambo moja tu: jina la aliyesema.

Maruthu alitaka hilo pia, na juu ya hilo, kiti cha Yogesh. Nusu ya watu ukumbini walijifunza kamera kwake, Yogesh akiwa mmoja wao. Maruthu alimpenda huyu kuliko wote, hata akamfungulia sanduku la lenzi zake za zamani, zile zinazobana picha pana mpaka itoshe kwenye fremu, kisha ikifika sinema inanyooshwa. Halafu ikaja filamu kubwa. Mwongozaji akampita mwalimu, akamchukua mwanafunzi, maana mwanafunzi hahitaji lenzi za sanduku. Anapiga picha yote ilivyo, ndefu, kwa kamera mpya, kisha anakata juu na chini ili ionekane pana. Maruthu akapewa kazi ya kukodolea skrini ya kamera na kusema kipi kitolewe, chini ya kijana aliyemlea.

"Yule fundi cherehani," alikuwa akiwaambia watu kwenye kahawa. "Anashona suruali nzima, halafu anakata miguu." Watu walicheka. Lakini wakimtaja Yogesh kwa sifa, alisukuma kikombe kando akaondoka.

Yogesh alichora mistari miwili kwenye kila skrini: kilicho juu ya huu na kilicho chini ya ule kitakatwa. Maruthu akaifuta kwenye skrini yake. Hakuwa mtoto wa chekechea wa kuchorewa mistari. Na jicho lake lilimsuta mwenye mistari kila siku: mara kivuli cha maikrofoni, mara uzi unachungulia kwenye mvua, mara kikombe cha chai miguuni pa malkia. Yogesh hakushtuka hata mara moja. Ni Maruthu aliyeagiza vitolewe.

Sasa Yogesh alisimama, macho chini.

"Kaka Maruthu, kadi ya chama nairudisha mwenyewe. Tuishie hapo."

"Unakimbilia wapi? Ile picha nzima, kabla hujaipitishia mkasi, iko wapi?"

"Ipo. Lakini kaka, nakuomba, usiidai."

"Mnamsikia? Ananiomba."

"Mpeni maji, sauti imemkauka," mtu alitania kutoka nyuma, na ukumbi ukacheka.

Yogesh akamgeukia mwalimu wake. "Nimeikalia tangu msibani," alisema. "Ningeikalia mpaka nife."

"Iwasheni," Maruthu akasema.

Picha ikajaa ukutani, ndefu, mistari miwili ikiikata. Kati ya mistari, wachezaji wakizunguka kwenye mvua. Juu ya mstari, mahali ambapo jicho la mtazamaji lisingefika, Kasi amekalia boriti akiwa na taa, kamba yake ya kiunoni imelowa, nyembamba, ikimeta.

Kisha sauti ikatoka kwenye spika, ya mtu aliyezoea kutiiwa.

"Wewe wa juu. Kuna uzi unachungulia kwenye picha yangu. Utoe."

Kasi akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akajiangalia kiunoni. Akaifungua ile kamba, akaikunja vizuri, akainua kidole gumba.

"Ni sauti ya nani hiyo?" Ponni aliuliza.

Ukumbi mzima ulitazama sakafu. Nusu yao walifundishwa kazi na sauti hiyo.

Nawe umeisikia. Inua macho, mtaje.