Bega

Mbwana aliamka na kichwa kizito kwa bangi, akakumbuka alichofanya jana. Kwenye kundi la ukoo la simu, chini ya tangazo la msiba wa shangazi aliyemlea, alituma sauti yake akicheka, anacheka mpaka anakohoa. Akaifuta upesi, lakini watu walikuwa wameshaisikia.

Alivaa kanzu, akakimbilia mazishini. Jeneza lilikuwa njiani, wanaume wakipokezana kulibeba. Akajipenyeza hadi kwa baba yake mdogo, akainamisha bega.

"Nikupokee, baba."

Mzee hakumtazama. "Nenda kacheke."

Akampokeza mpita njia ambaye hata hakumjua marehemu. Jeneza likasonga mbele. Mbwana akabaki katikati ya barabara, bado kainamisha bega.