Mlango Usiokwama

Mwigizaji mkongwe aliupiga mlango kwa nyonga, kama alivyoupiga kwa miaka tisa. Mlango ukafunguka kama pazia, naye akaangukia kochi kifudifudi.

Hakuna aliyecheka.

Kipindi chao cha vichekesho kilikuwa kinarudi hewani baada ya miaka ishirini. Sebule ilijengwa ile ile: kochi la kijani, saa iliyokufa, hata doa la chai kwenye zulia.

"Fundi," aliita, akijizoazoa, "mbona mlango haukwami?"

"Nimeunyoosha, mama. Ule wa zamani aliutengeneza marehemu baba, ukapinda kwa bahati mbaya. Kipindi kikianza tu kwenye TV, yeye alikuwa anatoka nje. Amekufa na aibu yake."

"Aibu? Watu walikuwa wanaacha sufuria zinaungua ili wauone ukikwama! Sisi tulijua ameupinda makusudi. Tukasema yule mzee ni kiboko."

"Mlimwambia?"

Mwigizaji akatazama zulia.

"Tulidhani anajua."

Fundi alipapasa bawaba mpya kwa kidole gumba, polepole, juu hadi chini. Kisha akachukua bisibisi.

"Mlango wake ulikuwa umepinda kiasi gani?"