Njegere za Mjane Kima

Kima alipomaliza eda, Nyani, kaka wa marehemu mumewe, alikuja kudai shamba la njegere.

"Shemeji, cha ndugu yangu ni changu. Sasa nipakulie, njaa inaniuma."

Kima akataja jina la Mungu, akampakulia. Nyani akauma, jino likalia ka!

"Mbona ngumu kama mawe?"

"Njegere kavu hulowekwa tangu jana, shemeji. Mume wangu aliugua miezi saba, hukumletea hata maji. Umekuja leo, kula za leo."

Kisha akafunua chungu cha pili, njegere laini za nazi, akawaita majirani waliochimba kaburi.

"Na shambani sitoki," akasema, "mpaka anitoe Yule aliyemchukua mume wangu."